Vitu Visivyosema Hufundisha: Safari ya Wanafunzi wa Namswea Kwenda Songea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye katika maneno ya mwanzo aliyomteremshia Mtume wake aliitaja kalamu, nayo ni kitu cha kushikwa mkononi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahali zake, na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wasomaji wetu watukufu, nimekusudia kuwahadithia safari ndogo tuliyoifanya mimi na wanafunzi wa chuo chetu cha Namswea, kwenda kuyatazama Makumbusho ya Vita vya Majimaji yaliyoko Songea. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja tu, wala haina maajabu ya njiani ya kuwashangaza watu waliokwisha kutembea. Walakini tulitoka nyumbani tukidhani twaenda kujifunza habari za watu wengine, tukarudi na aibu ya kwetu wenyewe. Na kwa kuwa naamini aibu hii si yangu peke yangu, bali imo katika nyumba nyingi na madrasa nyingi za Waislamu, nimeona si vyema kuificha.

SABABU YA SAFARI

Namswea ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, katika nchi ya Wamatengo. Waislamu huku si wengi. Jirani zetu walio wengi ni Wakristo wa Kikatoliki, nasi twaishi nao kwa salama, twazikana na kusaidiana katika kazi za shamba. Chuo chetu ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kimeezekwa bati, ubavuni mwa msikiti. Watoto huja alasiri baada ya skuli, na siku za mapumziko huja asubuhi.

Siku moja, katika kusomesha habari za Mtume wetu na subira ya Masahaba, nilitaka kuwapigia watoto mfano wa karibu, nikawauliza: “Nani anazijua habari za Vita vya Majimaji?” Kijana mmoja, mwepesi wa kuhifadhi, akasimama akajibu kwa haraka kama alivyosoma skuli, ya kwamba vita vile vilianza mwaka 1905 vikaisha 1907, na ya kwamba vilikuwa baina ya Wajerumani na makabila ya kusini. Nikafurahi. Kisha nikamwuliza: “Na watu hao walipigana wapi?” Akasita, akasema: “Mbali, Maalim. Zamani sana.”

Kutoka Mbinga mjini hadi Songea ni kiasi cha kilomita 100. Hakika lile neno “mbali” lilinikaa moyoni. Nikatambua ya kuwa mtoto aweza kuzihifadhi tarehe zote na jambo lenyewe likabaki nje yake, kama mtu azijuaye herufi zote za Alfatiha wala hajui ya kuwa anasema na Mola wake. Hapo ndipo nilipoazimia kuwapeleka wakaone kwa macho.

Mzee mmoja katika wazazi, mtu wa dini na mwenye kuogopa, alinijia usiku akaniambia: “Maalim, wawapeleka watoto wetu kwenye masanamu na makaburi?” Nikamjibu: “Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) aliwazuia watu kuzuru makaburi hapo mwanzo, kisha akawapa ruhusa, kwa kuwa makaburi humkumbusha mtu Akhera. Ama sanamu, hatuendi kuziinamia wala kuzitukuza; tutapita. Tunakwenda kutazama mwisho wa watu waliotutangulia, na Qur'ani imetuamrisha mara nyingi tutembee katika nchi tukatazame.” Akafikiri kitambo, akasema: “Kama ni hivyo, nami nitafuatana nanyi niwaangalie.” Nikasema ni heri.

NJIANI

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watoto 22, wanawake wawili wa kuwatunza wasichana, yule mzee, na mimi, katika gari dogo la abiria tulilolikodi kwa mchango wa wazazi. Barabara ya udongo ilitufikisha Mbinga mjini, na kutoka hapo ni lami mpaka Songea.

Mahali pamoja katika vilima gari lilisimama kubadili gurudumu, tukashuka. Mbele yetu ulikuwepo mteremko mzima uliolimwa kwa ngoro. Msomaji wa pwani pengine hajapata kuliona shamba la namna hii, basi nitalieleza. Wamatengo hufyeka nyasi, wakazilaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu. Kisha huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu ule na kuutupa juu ya nyasi. Hapo panakuwa na shimo, na pembeni mwake kuta nne za udongo zenye mbolea ndani yake, na juu ya kuta hizo hupandwa maharage, kisha mahindi kwa msimu wake. Mvua inyeshapo, kila shimo huyashika maji yake na udongo wake, na mlima hauporomoki. Kazi ya kufyeka na kulaza nyasi aghalabu ni ya wanaume, na ya kuchimba na kupanda ni ya wanawake. Kwa njia hii Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100.

Nikawauliza watoto, ambao wengi wao wamezaliwa katika mashamba kama haya: “Nani alikufundisheni kuchimba ngoro?” Mmoja akasema mama, mwingine akasema bibi. “Alikwambieni nini?” Wakatazamana. Binti mmoja akasema: “Hakusema kitu, Maalim. Alinipa jembe akasema, chimba karibu nami.”

Naam, mafunzo mengi ya dunia hii ni ya namna hiyo. Shimo la mama liko kando ya shimo la binti. Likiwa la binti limekaa upande, jicho lenyewe laona, na mvua ya kwanza itamsuta. Ndivyo ilivyo katika kila mahali pa kazi. Kijana aingiapo katika kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga, hafahamu kwa maelezo punje iliyokauka sawasawa ni ipi. Huitia mkononi, akaiuma, akasikia inavyolia jinoni, na baada ya siku nyingi mkono wake unajua. Mkulima naye hujifunza uaminifu wa chama chake cha ushirika mbele ya mizani kuliko mbele ya hotuba. Chombo kikikaa baina ya mwalimu na mwanafunzi, huwa ni shahidi wa wote wawili.

Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Qur'ani yatuhadithia ya kuwa mwana wa Adamu wa kwanza kumwua nduguye hakujua la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu alipomleta kunguru akifukua ardhi mbele yake. Na Mtume wetu (S.A.W.), aliyepewa ufasaha kuliko watu wote, siku moja aliwachorea Masahaba mstari chini, akauzungushia mraba, na mstari mmoja akautoa nje ya mraba ule, na pembeni akachora vijistari vidogo vidogo. Akawafahamisha ya kuwa yule wa katikati ni mwanadamu, na mraba ni ajali yake iliyomzunguka, na ule utokao nje ni matumaini yake, na vile vidogo ni misukosuko ya kumpata njiani. Aliweza kuyasema hayo bila ya kuchora. Lakini alichora, na waliokuwapo wakaona kwa macho jinsi tumaini lipitavyo umri.

NDANI YA MAKUMBUSHO

Makumbusho ya Majimaji yapo Mahenge, katika mji wa Songea. Yalianzishwa mwaka 1980, na baadaye yakawa chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika pale kuwakumbuka mashujaa. Kwani tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo Songea wakuu na wapiganaji wa Kingoni kwa makumi, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umeitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huo, na ana kaburi lake peke yake. Mashujaa wanaotajwa pale ni 67.

Mwongozaji wa wageni, kijana mpole, alituongoza kwanza kwenye silaha, akatuomba tusiguse. Kulikuwa na mikuki na ngao. Yule kijana wetu aliyesema “mbali” alisimama mbele ya ngao moja kwa muda mrefu, wenzake wakapita, yeye akabaki. Nikamwendea. Nikamwona anaupima mwili wake kwa ngao ile bila ya kuigusa: ameweka mkono begani, akaushusha mpaka mahali inapoishia. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo: “Maalim, hii ni ngozi tu. Risasi si itapita?”

Nikamwambia: “Itapita.”

“Na wao walijua?”

Ndugu msomaji, kwa miaka yote niliyosomesha sijaulizwa swali juu ya vita vile zaidi ya kutaka tarehe kwa ajili ya mtihani. Kitabu kilimpa majibu kabla hajauliza. Ngao ilimfanya aulize. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona. Maneno ya kitabu hayana kimo, wala uzito, wala alama ya mkono wa mtu. Ngao ina kimo, na mtoto ana kimo, na vimo viwili vikikutana mtoto anajiona yumo ndani ya habari. Tena kitabu humfunga mtu peke yake, na kitu kilichowekwa katikati huwakusanya watu wakakizunguka, mmoja akaona asichokiona mwenziwe. Ndiyo maana wahenga wakasema, ukiona vyaelea, vimeundwa: kila kitu kina mkono uliokitengeneza, na mwenye kukitazama sana humtafuta mwenye mkono.

HABARI YA MAJI

Nilimjibu kijana yule mbele ya wenzake wote. Katika nchi ya Wamatumbi, pande za Kilwa, alitokea Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, akawapa watu dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, akawaambia ya kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu walikuwa wamechoka kwa kodi na kwa kulimishwa pamba kwa nguvu, na ile dawa iliwaunganisha makabila ambayo jana yake hayakuwa na neno moja. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kutembea, ikafika mpaka Ungoni. Risasi hazikugeuka maji. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na wanahistoria wengine wakadiria ya kuwa waliokufa walifika 300,000, walio wengi kwa njaa.

Nikasema: “Basi msiwacheke. Walikuwa na ushujaa na walikuwa na haki. Walitaka kutoka katika dhulma. Lakini kitu kilitiwa kazi isiyokuwa yake. Ngao yazuia mkuki, maji yakata kiu. Ama kuzuia risasi ni kwa amri ya Mwenyezi Mungu peke yake.” Nikawahadithia habari ya Sayyidna Umar (R.A.) alipolikabili Jiwe Jeusi la Alkaaba, akatangaza mbele ya watu ya kuwa yeye ajua wazi hilo ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na ya kuwa analibusu kwa kumfuata Mtume tu.

Nilidhani nimemaliza. Mara kijana yule yule akauliza: “Na kombe, Maalim?”

Wale wanawake wawili wakainama. Wasomaji wengi wanaijua kombe: aya huandikwa katika sahani kwa zafarani, ikaoshwa, na maji yale mgonjwa akapewa anywe. Kwetu huku ipo, na mimi mwenyewe nimewaandikia watu. Sikuweza kumjibu kwa haraka. Kama ningesema “hiyo ni mbali,” ningekuwa nimesema lile neno lake.

Nikamwambia: “Mwanangu, wanavyuoni wamekhitilafiana, wako walioiruhusu na wako walioichukia. Nami nakwambia hili ambalo hawakukhitilafiana: mwenye kudhani ya kuwa wino au maji ndiyo yaponyayo, huyo amekosea kosa lile lile la maji ya Ngarambe, hata akiwa ameandika Qur'ani. Na mwenye kuacha kumpeleka mtoto hospitali kwa kutegemea sahani, ameitia sahani kazi isiyokuwa yake.” Yule mzee aliyekuja kutuangalia akatikisa kichwa kwa kukubali. Na tangu siku ile, akija mtu kwangu kutaka kombe, kwanza namwuliza kama amekwisha kwenda zahanati.

KITU KISICHOKUWEPO

Tulitoka nje kwenye makaburi. Watoto walikuwa wakinong'ona njia nzima, na pale walinyamaza bila ya kuambiwa. Mzee wetu alisimama pembeni ya lile kaburi la pamoja, akalipima kwa macho, akaniambia: “Maalim, watu hawa ni wengi mno kwa shimo moja.” Hakusema zaidi.

Kwenye kaburi la Nduna Songea Mbano, mwongozaji alitueleza ya kuwa ukoo wake waamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika papo hapo Songea, akaonana na wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi kusaidia katika kutafutwa kwa kichwa kile. Nikaona ya kuwa hata pengo hufundisha. Watoto waliyaangalia makaburi yote, lakini walilokaa wakilizungumza garini tulipokuwa tukirudi ni lile la kichwa kisichokuwepo.

Na si kichwa peke yake. Silaha na vitu vingi vilivyotekwa katika vita vile vilichukuliwa vikawekwa katika nyumba za makumbusho za Berlin. Na huko huko Berlin umesimama mfupa kwa mfupa yule mnyama mkubwa wa kale aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, kimo chake chazidi mita 13. Mifupa yake ilibebwa vichwani na wapagazi wa kusini mpaka bandarini Lindi. Mtoto wa Berlin huenda kumtazama siku ya mapumziko pamoja na baba yake. Mtoto wa Lindi husikia habari zake tu. Mwenye kitu mkononi ndiye aulizwaye na wageni, na ndiye asimuliaye.

Nilikuwa nikiyasema haya kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa, pale binti mmoja wa miaka 13 aliponikata maneno kwa adabu: “Maalim, na vya kwetu viko wapi?”

Nikadhani auliza juu ya Wamatengo. Nikaanza kumweleza. Akasema: “La, Maalim. Vya chuo chetu.”

HABARI YA MBAO

Sasa nifike kwenye aibu niliyoitaja hapo mwanzo. Chuo cha Namswea kilianzishwa na mwalimu aliyekuja kutoka pande za Tunduru, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuja na misahafu mingi. Alikuja na juzuu chache, na watu wa hapa wakachonga mbao za kuandikia, nami nilipopokea chuo nilizikuta mbao saba. Kila moja ina urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, juu ina shikio lenye tundu la kutundikia, na pembe zake zimelika kwa mikono ya watoto.

Vijana wa leo hawajui ubao ulivyofundisha, basi nieleze. Mwanafunzi alitengeneza wino wake mwenyewe kwa masizi na ulimbo wa mti, na kalamu yake kwa mwanzi. Mwalimu alimwandikia mstari, naye akaufuata kwa mkono wake. Ubao hauna ukurasa wa pili. Hapana pa kukimbilia. Ulikaa na aya zako hizo hizo, ukazisoma njia nzima ya nyumbani na kurudi, mpaka mwalimu azisikilize. Akiridhika ndipo unaposhwa. Kuosha ubao ilikuwa ni heshima, ni kama cheti. Na maji yale ya kuoshea hayakumwagwa popote. Yalimwagwa penye shina la mti pasipokanyagwa na mguu, na mtoto akajifunza kulitukuza neno la Mwenyezi Mungu kabla hajajua maana yake.

Siitukani simu. Leo mtoto wa Namswea aweza kuwasikia maqarii wakubwa wa ulimwengu kwa simu ya baba yake, neema ambayo sisi hatukuipata. Walakini simu haimngoji mtu. Aya ikimshinda, kidole kimoja chatosha kumpeleka kwingine. Ubao ulimfunza subira kwa sababu ya upungufu wake wenyewe.

Basi, miaka minne iliyopita tulipokuwa tukitengeneza chumba, kamati iliniuliza juu ya vitu vya kale vilivyorundikwa pembeni: mbao, vipande vya marufaa, na mtungi. Nilisema, kwa ulimi wangu huu: “Vitoeni, tumekwisha kupata vitabu.” Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi na kuni zikakosekana, siku ya maulidi mbao zilipasuliwa zikapikiwa pilau. Nilikula pilau ile.

Haya ndiyo niliyomjibu yule binti, mbele ya kaburi la mtu ambaye wajukuu zake wanakitafuta kichwa chake ng'ambo ya bahari. Sikupata la kumsingizia Mjerumani. Hakuna mgeni aliyekuja Namswea kuchukua mbao zetu.

TULIYOYAFANYA TULIPORUDI

Siku ya pili tulitafuta. Tukaziona mbao mbili zimesalimika: moja ilikuwa imefunikia mtungi wa maji ya udhu, na nyingine ilitumiwa kuzuia dirisha lisijifunge. Watoto walizifuta kwa kitambaa kikavu, tukawakataza kuziosha. Katika ule wa dirishani, ukiuelekeza kwenye jua, waona athari za wino zilizopandana, aya juu ya aya, za watoto ambao leo ni wazee au ni marehemu.

Tukapigilia rafu ukutani, juu ya mkono wa mtoto mdogo, tukaziweka pamoja na kipande cha marufaa na kidau cha wino alichokileta mzee yule mwenye kuogopa. Kumbe alikuwa nacho nyumbani siku zote, kimetiwa misumari. Kila kitu kikaandikiwa karatasi: ni nini, kimetoka kwa nani, kilifanya kazi gani.

Ijumaa moja alikuja bibi mmoja, umri wake umepita miaka 80, akiongozwa na mjukuu wake. Alikuwa amesikia. Akaomba apewe ubao. Akaupapasa pembe zake, kwani macho yamekuwa dhaifu, akafika kwenye mkato mdogo chini ya shikio, akasimama hapo. Akasema: “Huu ni wa mume wangu. Aliukata kwa kisu cha baba yake, akapigwa.” Kisha akaanza kuzitaja herufi na nukta zake moja moja, kama walivyokuwa wakifundishwa, na watoto wote wakanyamaza wakimsikiliza, maana sisi hatufundishi tena namna ile, wala hapana hata mmoja aliyejua ya kuwa bibi yule alisoma chuoni.

Alipomaliza akauliza: “Na wangu? Ulikuwa na fundo la mti katikati.”

Ikanibidi nimwambie. Nilimwambia yote, na pilau pia.

Akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akanirudishia ubao, akasema: “Basi hizi mbili zitunze, mwanangu.”

NENO KWA WATU WA NYUMBA

Enyi baba na mama, na enyi vijana, nawausieni mambo machache, nami ni wa kwanza wa kuusiwa.

Kwanza, tazameni nyumbani kwenu kabla hamjatazama mbali. Msahafu wa babu ulioandikwa kwa mkono, tasbihi ya nyanya, kinu, mizani ya kahawa, barua ya kwanza ya ndoa: msivitupe mpaka mmewauliza wazee.

Pili, ulizeni upesi. Kitu bila ya habari yake ni kuni, na habari imo kichwani mwa mtu ambaye ajali yake hatuijui. Andikeni jina, kazi na mwaka katika karatasi, kiwekwe pamoja.

Tatu, wapelekeni watoto kwenye makumbusho yaliyo karibu nao, nanyi mfuatane nao. Msiwaharakishe kutoka kitu hiki kwenda hiki. Bora mtoto asimame saa nzima mbele ya ngao moja akauliza, kuliko kupita mbele ya vitu 100 akarudi hana swali.

Nne, wafunzeni tauhidi pamoja na vitu hivyo. Tunavitunza kwa ajili ya mazingatio na kwa ajili ya haki ya waliotutangulia. Hatuvitungiki shingoni, hatuviombi, wala hatuvitegemei.

Yule kijana aliyesema “mbali” sasa ameanza kuchonga ubao. Mti aliouchagua ni mgumu, na mara mbili umempasukia. Amesema ya kuwa akiumaliza atautoboa tundu, aupeleke kwa yule bibi kwanza, kisha auandikie.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrefushie bibi yetu umri katika utiifu mpaka siku hiyo, awarehemu walimu wetu waliotutangulia, atusamehe tuliyoyapoteza kwa mikono yetu, na awajaalie watoto wetu kuwa watu wa kutazama na kuzingatia. Amin. Wabillahi tawfiq.